Ndiyo ya Mtani

Juni 4

Awedoba amesema Mbisa kama mimi hawezi kutunza kitu kisicholiwa. Basi natunza siku. Nimenunua daftari sokoni Po, na nitaandika mpaka karanga zing'olewe, halafu nimtupie lote kitandani nimwambie, soma, Kichwa cha Mbwa. Hajui kusoma. Mimi padre alinifundisha kwa fimbo mpaka akachoka mkono, akanirudisha shambani.

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha jana. Nimepanda.

Juni 6

Nimekwenda kumwona mgonjwa. Awedoba ni mtani wangu. Wao Wagurunsi, wala vichwa vya mbwa, sisi Wabisa, wezi wa karanga, na tangu baba yake aliponipa kipande cha ardhi nilime hapa kijijini kwao sijawahi kuingia uani kwake bila kumtukana. Tumbo limemvimba kama chungu cha pombe, miguu imekuwa vijiti. Zamani yeye ndiye alikuwa jembe la kwanza hapa, akiongoza mstari wa walimaji, mgongo wake ukionekana toka barabarani.

Nikainama mlangoni nikamuuliza, "Utakufa lini? Nimeshawaahidi watu kichwa cha mbwa wako."

"Nangoja karanga zako zikomae," akajibu toka gizani. "Siwezi kusafiri na njaa."

Mkewe Kayaga alikuwa anasonga ugali wa uwele. "Mwizi wa karanga huyo. Ficheni hata maganda."

"Mke wangu," nikamwambia, "huyu akiisha unahamia kwangu. Anza kufunga vyombo."

"Kwako kuna nini? Panya wenyewe walihama."

Nikachukua kofia ya Awedoba iliyotundikwa ukutani, ile nyekundu ya sherehe, nikaivaa, nikaondoka nayo. Ndivyo ilivyo. Mtani akishika kitu chako, husemi. Akikuomba, humnyimi. Kayaga naye alikamata jogoo wangu mwaka juzi, akamla mbele yangu, akanitupia shingo.

Juni 11

Wageni. Watu wa filamu toka Waga, mji mkuu. Mkubwa wao ni mwanamke, Rosine, Mmosi, bado kijana, ana miwani, anasalimia hata watoto kwa mikono miwili. Mpiga picha ni Hamidu. Hasemi, anakula sana, nimempenda. Wanatengeneza filamu ya utani wetu, jinsi watu wanavyotukanana wasiuane. Wanachotaka hasa ni utani wa msibani, pale Mbisa anapolala ndani ya kaburi akizuia Mgurunsi asizikwe mpaka yeye apewe pombe.

"Msiba uko wapi?" nikauliza kwa Kifaransa cha padre.

Rosine akatazama chini. "Tumesikia kuna mzee mgonjwa."

"Aa. Mmekuja kumngoja."

"Hatumngoji, baba. Tutakaa naye."

Fisi naye husema hivyo akikaa na mbuzi.

Juni 13

Rosine amemsomea Awedoba karatasi. Kaisoma vizuri, polepole, na Apiu, mwana mkubwa wa Awedoba, anatafsiri. Kwamba atapigwa picha akiwa mgonjwa na akifa, kwamba picha zitaonwa mbali na watu asiowajua, kwamba anaweza kukataa leo au siku yoyote na hakuna atakayemnunia. Serikali haijawahi kutuuliza hivyo hata ilipokuja kuchimba barabara katikati ya makaburi.

Awedoba akasema, "Hapana."

Tukangoja labda kuna zaidi. Likaja kidogo kidogo, pumzi hana.

"Nina wajukuu Abidjan hawajaniona. Wameambiwa babu yao ni mtu mwenye mgongo. Waacheni na mgongo huo. Na mimi nitafia humu ndani, gizani, alipofia baba. Mwenye ua hafii nje. Akifia nje huzikwa nje, bila ngoma, kama mbwa wa mpita njia."

"Nimeelewa, baba," Rosine akasema, akaikunja karatasi. Nadhani alielewa. Nilimwona nyuma ya gari akijifuta macho. Lakini gari halikuondoka.

Juni 16

Rosine kaja shambani kwangu. Kavua viatu, kapalilia mstari mzima kabla hajasema neno. Kang'oa karanga nyingi kuliko magugu.

"Baba Lamusa, ni kweli mtani hakataliwi?"

"Ni kweli."

"Hata jambo kubwa?"

"Kubwa lipi? Niliwahi kumwomba mkewe."

"Akasemaje?"

"Akasema nimchukue pamoja na mama yake. Nikamwachia."

Alicheka vizuri, huyu binti. Halafu akasema filamu bila mimi ni filamu ya ugonjwa tu. Mimi ndiye mwenye kuifanya itembee. Akasema wataionyesha Waga, na Garango kwetu, kwenye kitambaa kikubwa kuliko ukuta wa kanisa.

Garango hawanijui tena. Waliokuwa wananijua wamekufa, na watoto wao wakiniona sokoni wananiuliza mimi Mgurunsi wa wapi. Nimepalilia mpaka jioni nikijiona kwenye kitambaa hicho, pua tu kama mtumbwi.

Juni 17

Leo nimewaonyesha kazi.

Milango ya kwao ni midogo, ya kutambaa. Ukikaa pale, nyumba imezibwa, hata moshi hautoki. Nikakaa pale na kofia yake nyekundu kichwani. Ndani kuna Awedoba kitandani na Kayaga na moto wa dawa.

"Sitoki mpaka unipe ndiyo."

"Ndiyo ya nini?" Anakohoa, anacheka, anakohoa.

"Ya kamera."

Akasema, "Mbisa, omba jogoo."

"Nimeshiba jogoo."

"Omba shamba."

"Ninalo. Baba yako alikuwa mjinga."

"Lamusa," akaniita kwa jina, jambo ambalo hafanyi. "Omba kingine."

"Kingine nitaomba kesho. Leo nataka hicho, mchoyo wewe, mtu anayefia ndani ili jua lisimfaidi."

Kayaga alikuwa anakohoa sasa kama mbuzi aliyemeza kamba. Awedoba akasema, "Haya. Ndiyo. Wachukue. Wapige hata matako yangu nikioshwa, waone kitu kizuri kuliko uso wako."

Ua mzima ukacheka. Nikatoka mlangoni. Rosine alikuwa amesimama nje na kinasa sauti, taa yake inawaka. Tena ana heshima, aliingia na Apiu akamuuliza upya, "Baba, umekubali kweli?"

"Muulize Mbisa," Awedoba akasema. "Nilichompa mtani sikirudishi."

Juni 20

Mvua. Hajafa.

Juni 24

Mvua. Hajafa. Hamidu amemaliza nyama ya kanga yote ya kijiji.

Julai 2

Kazi ya filamu si mchezo. Wana maiki yenye manyoya kama paka aliyelowa, inaning'inizwa juu ya kitanda cha mgonjwa, na Awedoba anaitazama asubuhi hadi jioni. Mimi natambaa, naingia, natukana, natoka. Jana nilitoa tusi safi kuhusu mama yake, likapita lori barabarani, Rosine akasema, "Samahani, baba, rudia." Tusi likirudiwa ni uji wa jana. Nikalirudia. Na Awedoba akaombwa arudie jibu lake. Akalirudia, neno kwa neno, kama mwanafunzi wa padre.

Julai 9

Mvua. Hajafa.

Julai 10

Soko. Wanawake wa Po wananiita Bwana Filamu. Mmoja kanipa kibuyu cha pombe bure ili nimtaje jina mbele ya kamera. Nimenunua kandambili mpya.

Julai 15

Mvua mbaya, imebomoa ukuta wa zizi la Apiu. Hajafa.

Nimemwambia, "Unawachelewesha watu wa mjini, wana kazi nyingine." Akasema, "Waambie wakaanze na wewe." Rosine hakuelewa, Apiu akamtafsiria, akafurahi sana, akasema hilo litaingia mwanzoni kabisa.

Julai 28

Hamidu kanionyesha picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Tulikaa ndani ya gari, mvua juu ya bati.

Kwanza nilijitazama mimi. Sina la kuficha, mimi ni mzuri. Nikiruka na kofia ile nimepungua umri.

Halafu Hamidu akaonyesha za upande wa kitanda, zile anazopiga mimi nikiwa nimegeuka kuwatazama watu. Awedoba meno yako nje, kama kawaida. Nikigeuka tu, meno yanarudi ndani na uso unabaki vile ulivyo. Nikimrudia, meno yanatoka. Nikigeuka, yanaingia. Hamidu aliniendeshea mara mbili. Yapo hivyo siku zote, tangu ile ya kwanza.

"Anaumwa," nikamwambia Hamidu.

"Anaumwa," akasema.

Ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake.

Agosti 1

Mvua. Hajafa. Sikwenda. Nimesema mguu unauma.

Agosti 5

Nimekwenda kwa Rosine nikamwambia ndiyo ile ni ya utani. Neno la utani halipelekwi barazani. Nikimwita mtu mchawi kwa utani, hashtaki. Basi na ndiyo ya utani nayo haikamatiki.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Ana tabia hiyo mbaya. Akasema, "Baba, wewe ndiye uliyeniambia hawezi kukukatalia."

"Ndiyo maana."

"Niliingia nikamuuliza tena. Kila wiki namuuliza. Ananiambia nikuulize wewe. Aseme hapana mara moja tu, leo nafunga mizigo."

"Hawezi kusema."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alishanipa."

Akavua miwani akaifuta. "Basi mwambie umemrudishia."

Ana akili. Ndilo neno ambalo sikutaka alifikie.

Agosti 8

Kayaga kanikuta kisimani. Hakunitukana kwanza, nikajua kuna jambo.

"Mrudishie ndiyo yake."

"Mtani harudishi."

"Hurudisha akitaka kuwa jirani tu."

Kila mtu hapa anajua maana yake. Ukirudisha ulichoshika, utani umekwisha. Kuanzia hapo mnaamkiana vizuri, unauliza habari za watoto, na msibani unasimama nyuma na watu wengine, umefunga mikono. Nimekaa hapa umri mzima. Sina ukoo hapa, sina kaburi la baba hapa. Nilicho nacho ni ruhusa ya kuingia ua ule bila kubisha na kumwita mwenye ua mbwa. Bila hiyo mimi ni Mbisa analima ardhi ya wenyewe.

"Mke wangu," nikamwambia, "unataka kunifukuza ukabaki na nani?"

"Halali, Mbisa. Ile taa yao iko machoni mwake hata ikizimwa. Anageukia ukuta ambao baba yake alifia chini yake, ananiuliza kama kamera inaona upande ule."

"Mwambie inaona mpaka tumbo."

Alibeba maji yake akaenda. Lilikuwa tusi la kawaida, hata si zuri.

Agosti 12

Mvua. Hajafa.

Agosti 13

Mvua. Hajafa.

Agosti 19

Nilikwenda ili nimrudishie. Nilikuwa nimelipanga neno njiani. Nilipotambaa kuingia akasema, "Nani? Wewe mla maganda?" nikasema, "Mimi, mzoga," na neno likapotea. Kamera ilikuwepo.

Agosti 27



Mvua ilikatika asubuhi, jua likatoka kama limefukuzwa. Rosine kasema picha za wiki nzima ni weusi na kikohozi tu. Anaomba nusu saa ya mwanga, uani, kisha mzee arudishwe. Apiu akasema baba aulizwe. Awedoba akaulizwa. Sauti yake ilikuwa imebaki kama ya nzi chupani.

"Muulizeni Mbisa. Mimi ni wake."

Wakanitazama wote. Kayaga pia.

Habari ya kufia nje naijua kama jina langu. Lakini kila siku naandika hajafa, na nusu saa haiui mtu. Na mwanga ulikuwa mzuri. Miezi miwili nimecheza gizani.

Nikasema, "Mtoeni. Chumba kinanuka beberu."

Apiu na Hamidu wakamvuta kwa mkeka kupitia mlango ule mdogo, kichwa kwanza, kama anazaliwa. Juani alikuwa mdogo sana. Kayaga akamfunika tumbo kwa kitenge, Rosine akamwambia kwa upole, "Mama, sogea kidogo tu," akasogea. Majirani wakaja. Hamidu akapiga goti. Rosine akaninong'oneza, "Baba, mtanie."

Nikavaa kofia. Nikalima hewani alivyokuwa akilima yeye, mgongo nje, matako juu. "Tazameni jembe la kwanza la nchi hii," nikawaambia watu. "Leo hata kinyesi chake kinamshinda nguvu." Walicheka. Hata Apiu alicheka, midomo imekaza.

"Mbisa," akasema Awedoba.

"Naam, maiti."

"Nirudishe ndani."

"Nipe mbwa kwanza."

Wakacheka zaidi. Akasema tena kitu, midomo tu. Nikaenda kuzunguka ua nikimuiga anavyotembea na tumbo lile, nikaja nikalala kando yake kwenye mkeka. Alikuwa amefumba macho, meno yako nje. Mchezo huu tunaucheza tangu ujana, yeye hujifanya amekufa, mimi nampekua. Nikamtekenya unyayo. "Usijifanye mfu, mchoyo, mbwa hajachinjwa." Nikampekua kwapani. Nikampigia hesabu ya meno. Nikasema habari ya mkewe kuhamia kwangu leo leo. Nilikuwa naangalia upande wa Rosine nione kama imekuwa nzuri. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Jicho la Hamidu lilikuwa kwenye kamera na shavu lake limelowa, na ile taa nyekundu inawaka. Hakuna aliyesema acha.

Kayaga ndiye aliyesema, bila kupaza sauti. "Mbisa. Unaongea peke yako."

Agosti 28

Mzee wa ardhi, mwamuzi wa mila na makaburi, ameamua. Mwenye ua kafia nje. Hakuna ngoma, hakuna pombe, hakuna watani. Wamemzika ng'ambo ya mashamba ya uwele, kaburi fupi, wamepiga magoti walipomaliza wakanawa mikono. Mimi sikuambiwa nije. Nilitazama toka shambani kwangu. Nilikuwa nimetunga maneno ya kaburini msimu mzima, mazuri, ya kuwafanya wanawake wajikojolee.

Apiu kapita bila kunisalimia. Kadai kofia ya baba yake irudishwe. Nimempa.

Agosti 30

Mvua.

Septemba 3

Mvua.

Septemba 10

Nilidhani watu wa filamu wamekwenda. Hapana, wapo Po kwenye nyumba ya kulala wageni. Hamidu peke yake kaondoka. Kamwambia Rosine tumbo linamuuma.

Septemba 14

Mbisa mwenzangu wa Po kaniuliza ni kweli nilimtania mtu akafa. Nikasema ndiyo, na wewe jihadhari. Hakucheka.

Septemba 22

Karanga zimekomaa. Rosine kaja, kakonda. Kakaa kwenye rundo la majani.

Akaniambia filamu imebadilika. Haina msiba, ina kifo. Akasema hajaona kitu kama kile maishani mwake na hajui kama ana haki nacho. Kwa hiyo hatakiweka, hata dakika moja, mpaka Kayaga aone yote na akubali. Akikataa, mwaka mzima wa kazi anautupa.

"Nimekwenda kwake mara tatu," akasema. "Ananipa kiti, ananipa maji, hajibu."

"Na mimi ni wa nini?"

Hakutaka kulisema. Nikamwacha ahangaike. Mwisho akasema, "Wewe hawezi kukukatalia."

Nimesema nitakwenda kesho. Niandike ukweli maana daftari hili hakuna wa kutupiwa tena: sikukubali kwa ajili yake wala kwa ajili ya kazi yake. Picha zile zikitupwa natupwa mimi pamoja nazo. Nami nataka nionwe Garango.

Septemba 23

Nilikwenda asubuhi. Nikaingia uani bila kubisha, nikaanza toka mbali kama siku zote.

"Mke wangu. Bado hujafunga vyombo?"

Kayaga alikuwa anapepeta uwele. Akaweka ungo chini, akajifuta mikono, akainuka.

"Karibu, baba Lamusa."

Nikadhani ni tusi jipya sijalijua. "Baba yako nani? Mimi ni bwana yako, mchawi wee, uliyemmaliza mwenzio kwa mboga mbichi."

"Za nyumbani, baba? Mvua imewatendeaje?"

Akachukua kigoda, akakifuta vumbi kwa upindo wa kitenge, akaniwekea. Akaniletea maji kwa kibuyu, akapiga goti, mikono miwili. Macho chini. Nikamtukana tena, moja ambalo siliandiki. Akasema, "Asante, baba," akasubiri ninywe.

Nikanywa. Ningefanya nini? Maji yalikuwa baridi.

Tukaulizana habari. Watoto wake, ng'ombe wa Apiu, karanga zangu. Nilisikia mdomo wangu ukisema mama Apiu. Halafu nikasema nilichotumwa, kwamba binti yule anaomba picha, na mimi namwombea.

"Hapana, baba," akasema. "Asante kwa kuja."

Sijawahi kulisikia neno hilo katika ua ule, si toka kwa Awedoba, si toka kwa baba yake. Nilikaa nikilitafutia mlango wa kukaa nikauziba. Hakuna. Alinisindikiza mpaka njiani kama anavyosindikizwa mgeni wa mbali, akaniombea safari njema, na nyumba yangu inaonekana pale pale.

Rosine alikuwa ananingoja chini kwenye gari.

"Amesemaje?"

"Amekataa."

"Ulisema hawezi."

"Sasa anaweza," nikamwambia. "Nimepewa kigoda."